Neno Moja Asilolijua Tiya

Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, Tiya alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhesabu mbuzi wa nyanya yake wakiingia bomani. Ya pili ilikuwa kusoma simu. Nyanya yake aliitwa Gumato, lakini Tiya alimwita Akko, kama Waborana wanavyomwita nyanya. Akko hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Ujumbe ukiingia, simu ilipelekwa moja kwa moja kwa Tiya.

Waliishi wawili tu, pembeni mwa mji wa Isiolo, karibu na laga. Laga ni mto ambao karibu mwaka mzima hauna maji, ni mchanga mtupu. Boma la Akko lilikuwa ukingoni kabisa, kwa sababu migunga ya hapo ilitoa kivuli na matunda yake yalishibisha mifugo. Mbuzi walikuwa thelathini na mmoja. Hao ndio waliomlisha Tiya, wakamvisha na kumpeleka shule tangu mama yake afariki. Nyumba hiyo haikuwa na tegemeo jingine.

Mwaka huo, Gredi ya Saba, Tiya aliibuka wa kwanza kwa Kiingereza, akazawadiwa kamusi nene. Akko aliitangaza habari hiyo mtaa mzima, hata kwa watu wasioulizia. Tiya naye akavimba kichwa. Na kamusi yenyewe je? Ilikaa juu ya sanduku, ndani ya karatasi yake ya zawadi, isije ikachafuka.

Jumanne jioni simu ililia. Akko alikuwa nje akinywa chai na Abdirahman, jirani aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda wawili.

"Tiya, njoo utusomee," Akko aliita.

Ujumbe ulitoka kwa watu wa hali ya hewa, nao ulikuwa wa Kiingereza. Tiya alielewa karibu wote: mvua kubwa, mafuriko ya ghafla, Isiolo, kuanzia Alhamisi. Neno moja tu lilimkwama. Mafuriko hayo, ujumbe ulisema, yalikuwa "anticipated".

Hakuwahi kuliona neno hilo. Akalikazia macho. Mwanzo wake aliufahamu, "anti". Dawa ya mbuzi waliyonunua dukani iliitwa "antibiotic", nayo iliua vijidudu. Shuleni kulikuwa na chama cha "Anti-Drugs", kilichopinga dawa za kulevya. Basi "anti" ni kupinga, ni kuzuia. Hivyo ndivyo alivyojipigia hesabu yake ya haraka. Angeweza kusema, "Hili silijui." Ni maneno mawili tu hayo. Lakini Abdirahman alikuwa akimtazama kwa heshima, na Akko alikuwa akitabasamu, na ulimi ukatangulia.

"Wanasema mafuriko yamezuiwa," alisema. "Hakuna shida."

"Alhamdulillahi," alisema Abdirahman. "Mimi nilikuwa nataka kuwahamisha punda wangu kutoka huko laga. Sasa sina haja."

"Huyu ndiye macho yangu," Akko alisema, akamimina chai nyingine.

Alhamisi jua liliwaka kama siku zote. Hapo mjini hakukuwa na hata tone la mvua. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi kule juu, milimani upande wa Meru, na maji yote yalikuwa njiani. Saa kumi jioni Tiya alikuwa akitoka shule alipousikia mngurumo. Alidhani ni lori. Alipofika karibu na nyumbani aliyaona maji, mekundu, yakibeba magogo na matawi, yakijaza laga kutoka ukingo hadi ukingo.

Boma halikuwapo. Mbuzi walilia mara moja tu, halafu hakuwasikia tena. Akko alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amemkumbatia mwanambuzi mmoja, akitazama pale mahali palipokuwa na wenzake. Abdirahman aliingia majini kuwafungua punda wake. Gogo lilimgonga, wanaume wakamvuta nje kwa kamba. Mkono wake ulivunjika. Punda wote wawili walizama wakiwa bado wamefungwa.

Jioni hiyo Tiya alihesabu mbuzi. Walikuwa tisa. Alihesabu tena, na wakawa tisa vilevile.

Ijumaa, darasani, Mwalimu Kinanu hakufungua kitabu. Aliandika ubaoni neno moja, na Tiya akalitambua mara moja. "Anticipate."

"Nani alipata ujumbe wenye neno hili?"

Mungania, kijana aliyeketi mbele, alisema kwao walipata, na baba yake akahamisha ng'ombe siku ileile.

"Baba yako alilielewa neno," Mwalimu Kinanu alisema. "Wengi husema ni kutarajia, na si kosa. Lakini lilizaliwa Kilatini kwa vipande viwili. Kimoja ni kabla. Kingine ni kutwaa. Kutwaa kabla. Jambo bado halijafika, wewe umeshanyoosha mkono, umetwaa kilicho chako, umeondoka nacho. Anayeketi akangoja hajafanya vile neno linavyosema."

Tiya aliinua mkono. "Mwalimu, si 'anti' ni kupinga?"

"Hiyo ni nyingine, ya Kigiriki. Hii ilikuwa 'ante', yaani kabla, ikabadilika herufi moja. Zinafanana sura lakini hazina undugu. Mbona umeuliza?"

"Nimeuliza tu," Tiya alijibu, akainamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya dawati.

Alipofika nyumbani alimkuta Akko akikata matawi ya miiba. Alikuwa akijenga boma upya, palepale ukingoni. Abdirahman alikuwa ameketi kando, mkono umefungwa shingoni, uso umemsawijika.

"Kumeingia ujumbe mwingine," Abdirahman alisema. "Khadra wa dukani amesomewa. Wanasema kesho maji yanarudi, tena mengi."

"Waongo hao," Akko alisema bila kuinua macho. "Walisema yamezuiwa, yakaja. Sasa wanasema yanakuja, hayatakuja. Mimi sitoki hapa kwa maneno ya simu tena. Nitalala hapa na mbuzi wangu."

Tiya aliwatazama wale mbuzi tisa. Akamtazama Akko, mikono yake inavuja damu ya miiba. Aliogopa kuliko alivyoogopa mafuriko. Akapiga moyo konde.

"Akko, simu haikudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

Panga la Akko likasimama.

"Kulikuwa na neno sikulijua. Nikabuni. Ujumbe ulisema mafuriko yaja. Ulituambia tutwae mbuzi wetu mapema, twende. Niliona haya kusema sijui."

Abdirahman aliutazama mkono wake, kisha akageuza uso. Hilo lilimuumiza Tiya kuliko kiboko.

"Mbuzi ishirini na wawili," Akko alisema hatimaye, polepole. "Na punda wa mwenzetu."

"Nisamehe, Akko. Nisamehe, Abba Abdirahman."

"Msamaha utaomba ukitembea," Akko alisema, akautupa mwiba. "Fungua mbuzi."

Walipanda nao hadi uwanja wa juu, nyuma ya msikiti. Abdirahman alifuata nyuma. Jumamosi adhuhuri maji yalirudi, yakapita pale Akko alipotaka kulala, yakayabeba matawi yote aliyokata. Walisimama juu wakitazama. Mbuzi walikuwa tisa, na hakuna aliyepungua.

"Kutojua neno si kosa," Akko alimwambia. "Mimi sijui hata neno moja la simu hiyo, na sijaua mbuzi hata mmoja. Ungesema hujui, ningevaa viatu nikaenda kumuuliza anayejua. Ulininyima nafasi hiyo. Usimnyime mtu mwingine."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya shule, Tiya alimchotea Abdirahman maji na kumwashia jiko, hadi mkono ulipopona. Wiki tatu zilipita kabla Abdirahman hajamwita kwa jina lake tena. Kamusi ilitolewa karatasi, na pembe zake zikaanza kuchakaa.

Kisha jioni moja simu ililia. Akko aliishika kitambo, akampa Tiya. Tiya alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akasita. Alifunua kamusi, akatafuta ukurasa hadi ukurasa, asilione.

"Kuna neno hapa silijui, Akko."

Akko aliinuka, akajitanda shuka lake.

"Basi vaa viatu," alisema. "Twende kwa mwalimu wako tukamuulize."