Isale la Wakili

"Ezra, mbona umeshika jani la isale? Umemkosea nani?"

Aikande alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. Wakili Ezra, mgombea ubunge, mwanaume aliyebakiza siku kumi na tano afunge naye ndoa, alitazama viatu vyake. Mahakamani huongea mpaka hakimu anamwomba apumzike. Leo alikuwa na maneno matano tu.

"Nimemkosea baba yako. Na wewe."

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa Fredy, meneja wake wa kampeni: "Mheshimiwa uko wapi? Kiboriloni watu wamejaa, wanakusubiri wewe tu." Akaizima.

Mzee Eliona, baba yake Aikande, akatoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, ile kesi ya kihamba, shamba lako la ukoo..."

"Ilishaisha. Ulikuwa wakili wa jirani yangu Thadeus, kazi ni kazi. Nilikusamehe siku ulipokuja kuposa."

"Hukujua unasamehe nini, baba. Thadeus aliyahamisha masale yaliyopandwa mpakani. Niliona visiki vya yale ya zamani kwa macho yangu. Nikamwambia avichimbue kabla baraza la ardhi halijaja kukagua."

Mzee akashika nguzo. Katika kipande kile alichopewa Thadeus ndipo alipozikwa mama yake Aikande.

"Ulivyonivalisha pete," Aikande aliuliza taratibu, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Ila Jumamosi nilikuona getini kwa Thadeus, unaomba ruhusa ya kupalilia kaburi la mama. Sijalala tangu siku hiyo."

"Miaka minne, Ezra! Miaka minne nabisha hodi kwa mama yangu!"

"Nimeandika kila kitu kwenye kiapo. Kesho nakipeleka mahakamani. Uwakili utaondoka, na ubunge pia."

Mzee akalipokea lile jani.

"Isale halikataliwi. Nimekusamehe."

Akaingia ndani bila kumtazama. Msamaha ule ulimuuma Ezra kuliko kofi. Akapiga magoti.

"Na wewe, Aikande?"

"Hilo ulimletea baba. Langu liko wapi?"

Ezra akanyoosha mkono kwenye masale ya uani.

"Usichume hapo!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kayarudishe yale ya mpakani kwanza. Siku nitakayofika kwa mama bila kubisha hodi, chuma jani moja palepale uniletee."

Akaivua pete, akamwekea kiganjani, akamfumba vidole.

"Nitunzie."