Siku Tatu za Mto

Zama zile, kabla misafara ya pwani haijafika kwenye ziwa kuu na shanga na bunduki zake, nchi ya Busirwa ilisifika kwa samaki. Kila masika, mvua ikishanyesha siku saba mfululizo na maji ya Mto Luvuga yakageuka rangi ya udongo, ningu walitoka ziwani na mayai tumboni, wakapanda mto kwa maelfu kwenda kuzaa kwenye vinamasi vya juu. Walikuja wakisukumana, wakiruka maporomoko madogo, wengine wakianguka juu ya mawe na kufia hapo. Mamba nao waliyajua majira hayo. Walijipanga kando ya mto wakiwa wameachama, na mvuvi wa Luvuga aliyefika uzeeni na viungo vyake vyote alihesabiwa kuwa ama hodari sana ama mwongo.

Mukudi wa Lubaga, kijiji cha bondeni, hakuwa mwongo. Nyama ya shavu la mguu wake wa kushoto ililiwa na mamba akiwa kijana, na bado kila asubuhi ya masika aliingia majini. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye wando. Wando ni ukuta wa miti na matete uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, una milango saba, na kila mlango hutegwa mgono, kikapu kirefu cha fito ambacho samaki akiingia hatoki. Baba yake alikuwa mwenye wando, na babu yake pia.

Sheria ya kazi ile ilikuwa moja. Siku tatu za kwanza ningu wakianza kupanda, hakuna anayetega, hakuna anayevua, awe wa bondeni au wa juu. Siku hizo ni za mto. Samaki waende wakazae, watu wasubiri. Mukudi aliilinda sheria hiyo kwa ukali uliowaudhi wengi. Mwaka mmoja alimkamata ndugu yake wa tumbo moja akivua siku ya pili. Alikivunja kikapu chake kwa mguu mbele ya kijiji kizima, akachukua na mbuzi wake. Binti yake Nasambu, wa miaka tisa wakati huo, ndiye aliyemshikia fimbo siku hiyo. Alimtazama baba yake kama watu wanavyomtazama mfalme.

Nasambu alikua, akaolewa Mwalanda, mji wa wahunzi uliokuwa mwendo wa siku moja juu ya mto. Mumewe, Wekhomba, alifua majembe na mikuki iliyotafutwa hadi ng'ambo ya milima. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Mikuki hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mwami Lukoba, mtawala wa Busirwa, alitaka wahunzi wa Mwalanda wamfulie yeye peke yake. Wao wakamjibu kwa adabu kwamba chuma hakina mwami. Basi akapeleka jeshi, watu wenye ngao za ngozi ya nyati na kofia za manyoya ya mbega, akachoma mashamba yao mtama ukiwa bado mbichi, akauzingira mji. Lakini Mwalanda ilikuwa na ukuta wa udongo wenye unene wa hatua nne na handaki mbele yake. Nyuma yake palikuwa na mto, na ukingo ulioporomoka moja kwa moja hadi kwa mamba. Miezi miwili ikapita. Ndani watu walikula ngozi za ngao zao, wakachemsha mizizi. Mvua zilipoanza, wazee wa pande zote mbili walijua kinachokuja: ningu wangepita chini ya ukuta ule, na mji ungeshiba.

Mwami alimwita Mukudi barazani.

"Utaufunga mto," alimwambia. "Milango yote saba, tangu siku ya kwanza. Asipite hata mmoja."

"Mwami wangu, siku tatu za kwanza ni za mto. Hata baba yako hakuzigusa."

"Baba yangu hakupigana na wahunzi. Mwaka huu mto ni wangu." Kisha Mwami akacheka, na hapo ndipo Mukudi alipomchukia kwa mara ya kwanza. "Najua una damu yako mle ndani, mzee. Ndiyo maana nakupa Sirengo na watu ishirini wakusaidie."

Sirengo alikuwa jemadari kijana, mrefu, mwenye bangili za shaba hadi kiwikoni, asiyejua kuogelea. Aliwapanga watu wake kwenye kingo zote mbili na kuwaamuru wahakikishe kila mti uko mahali pake na kila mgono umetegwa. Kwa juu, wando ulikuwa mzima kabisa. Lakini hakuna hata mmoja wa wale ishirini aliyekuwa tayari kutia mguu kwenye maji yale.

Ningu walikuja asubuhi ya mvua kubwa. Mukudi alijifunga kamba kiunoni, akawaambia walinzi kwamba mkondo umelegeza matete, akaingia. Chini kabisa, kwenye tope, alikata kamba za magome kwa kisu chake na kusukuma matete pembeni hadi pakabaki tundu la upana wa mikono yake miwili. Samaki walimgonga kifuani wakipita. Kisha kitu kizito, cha kukwaruza, kikampita ubavuni polepole kama gogo. Alikaa bila kupumua hadi mkia ukaisha, akapanda juu akitetemeka, akaketi kwenye jiwe na kulia kwa furaha. Walinzi walidhani ni baridi.

Siku ya pili alilipanua tundu. Siku ya tatu vivyo hivyo. Migono iliendelea kupata samaki wa kutosha kumtuliza Sirengo, na chini yake kundi zima likapita kwenda Mwalanda. Mukudi hakuwa na njia ya kupeleka habari. Kwenye mto kila kitu huteremka. Kinachopanda ni ningu tu. Alijiambia habari ya nini? Mtu mwenye njaa akimwona samaki hahitaji kuambiwa. Alimwona akilini mwake Nasambu akiwalisha wanawe, na usiku alilala usingizi mzito.

Siku ya nne Sirengo aliona kwamba mamba wote wamehamia upande wa juu wa wando, ambako hakukupaswa kuwa na samaki. Alikuwa mjinga wa maji, si wa vita. Alimfunga mateka mmoja kamba na kumtupa mtoni kwa ncha ya mkuki. Yule mtu alipotolewa alisema alichokiona. Kabla ya jua kufika utosini tundu lilikuwa limezibwa kwa mawe, ngozi na udongo, na Mukudi alikuwa amefungwa kwenye mti mikono nyuma.

Hakujali. Siku tatu zinatosha, aliwaza. Samaki wa siku tatu, wakikaushwa vizuri, ni chakula cha miezi miwili. Walimpiga, naye akatabasamu kwa midomo iliyopasuka.

Siku ya kumi Mwalanda ikafungua lango.

Mukudi aliburutwa hadi pale ili ashuhudie. Watu walitoka wakitembea kama wagonjwa wanaoamshwa kitandani, macho makubwa, miguu ya fito. Wahunzi walitengwa na kufungwa pingu walizozifua wenyewe. Nasambu alikuja miongoni mwa wa mwisho, amemshika mkono binti yake. Mwanawe wa kiume hakuwapo. Mukudi alimtafuta nyuma yake, akamtafuta tena.

"Yuko wapi mjukuu wangu?"

"Tulimzika juzi, Baba." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wamekupiga. Wamekupigia nini?"

"Kwa nini hamkula? Samaki walipita! Siku tatu nzima walipita!"

"Walipita," alisema Nasambu, na kwa mara ya kwanza uso wake uliokonda ukapata uhai kidogo. "Watu walitaka kuvua, Baba. Walishuka na vikapu, na wengine na nguo tu. Nikasimama ukingoni na fimbo. Nikawaambia siku tatu ni za mto, na baba yangu kule chini anazilinda hivi sasa, njaa au hakuna njaa. Wakwe zangu walinitukana. Wekhomba alinisihi, mtoto akiwa mgongoni mwangu. Sikumruhusu hata yeye. Nikawaambia siku ya nne mto utatulisha sote. Siku ya nne hakukuja kitu. Tukakaa majini hadi jioni."

Mukudi angeweza kunyamaza; naamini alitaka kunyamaza. Lakini Sirengo alikuwa amesimama pale, na vijana wa namna ile hawajui kumwachia mtu kitu.

"Huyu mzee wako ndiye aliyewafungulia," alisema jemadari akicheka. "Mwami aliamuru mto ufungwe tangu siku ya kwanza. Alikata wando chini ya maji ili nyinyi mle, nanyi mkawatazama samaki tu!"

Nasambu alimgeukia baba yake. "Ulifungua?"

"Nilifungua, mwanangu."

"Siku zile tatu."

"Siku zile tatu."

Nasambu aliketi chini kwenye matope, akaweka mikono kichwani, na binti yake mdogo akasimama kando bila kujua amshike wapi.

Mwami Lukoba hakumwua Mukudi. Alimfukuza nchini, maana alikuwa mshindi na washindi hupenda kuonekana wapole. Mzee alipita mbele ya kundi la mateka akienda, akamwita binti yake kwa jina mara mbili. Nasambu hakuinua uso. Inasemekana mzee alifia mashariki, kwa watu wasiokula samaki.

Ningu walioachwa wapite walizaa vinamasini, na misimu iliyofuata mto ulijaa kuliko wakati wowote. Waimbaji wa Busirwa wakatunga sifa: Lukoba mleta samaki, Lukoba aliyeutii mto. Nyimbo hizo ndizo zilizobaki, na watoto walizicheza vizazi vingi. Historia haina haya.

Lakini Nasambu aliishi miaka mingi pale Busirwa, mateka aliyezeeka akawa mwenyeji. Kila masika, mvua ya siku saba ikikatika, alishuka mtoni siku ya kwanza kabisa, peke yake, watu wote wakiwa wameketi wakisubiri siku tatu za mto ziishe. Aliingia hadi kiunoni, kati ya mamba, akavua kikapu kizima, akatoka, akachoma samaki pale pale ukingoni na kuwala hadi wa mwisho huku wakimtazama. Mwenye wando mpya aliwahi kumwendea na fimbo mara moja tu. Alimtazama Nasambu machoni, akarudi zake.