Mwani Kwenye Tangi la Babu

Kila alipotoka shule, Chiriku alitupa begi kitandani na kuvuta kigoda mbele ya tangi la samaki. Jina hilo la utani alipewa na babu yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Babu, fundi redio mstaafu, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho. Jicho moja lilifungwa bandeji, la pili liliona ukungu tu. Daktari alikuwa amemkataza kuinama na kubeba vitu vizito kwa miezi miwili.

"Haya, nitazamie," Babu alisema. "Jemadari anaendeleaje?"

"Anaringa, Babu. Anajiona ana nyumba ya ghorofa."

Jemadari alikuwa samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Alikuwa ameishi katika tangi hilo la maji ya chumvi kwa miaka tisa. Aliyemnunua ni marehemu Bibi, kwa hiyo Babu alimpenda kupita kiasi.

Maji ya tangi yalipopungua kwa joto, Chiriku alitakiwa kujazia maji yaliyochujwa, yaliyouzwa duka la ng'ambo ya barabara. Mara mbili za kwanza alibeba dumu la maji hayo huku akihema. Mara ya tatu wenzake walikuwa wanaruka kamba uani, na bomba la bafuni lilikuwa hatua tano tu. Maji ni maji, alijiambia, akalijaza dumu bombani.

"Umefika dukani?" Babu aliuliza.

"Nimefika, Babu."

Basi ikawa ndiyo desturi. Baada ya wiki mbili, mawe ya tangi yakaota utando wa kahawia. Kisha zikachomoza nyuzi za kijani, zikipepea polepole kama nywele za mtu aliyezama. Chiriku alizing'oa. Kesho yake zilirudi, ndefu zaidi. Akaanza kuogopa kukaa na tangi peke yake.

Hatimaye alimweleza Babu habari za mwani, lakini za bomba akazimeza.

"Maji ni yale ya dukani?" Babu aliuliza, akikuna kidevu.

"Ndiyo."

"Basi toa robo ya maji. Changanya chumvi yake kwenye maji mapya ya dumu, ujazie."

Chiriku alifuata maagizo yote, ila maji yalikuwa yale yale ya bomba. Mwani ukanenepa.

Jioni moja Babu aliinua kichwa ghafla. "Pampu ya tangi inakoroma. Na wewe siku hizi umepoa. Ndege akinyamaza, mtini kuna nyoka."

Chiriku alitazama tangini. Nyuzi zilikuwa zimeiziba pampu, na maji yalikuwa yametulia tuli. Jemadari alikuwa amelala ubavu juu ya maji, mdomo wazi, akitafuta pumzi.

"Nitazamie, mjukuu wangu," Babu alisema. "Yu hai?"

Chiriku aliangua kilio. "Yu hai kidogo tu. Babu, maji ni ya bomba! Nimekudanganya siku zote hizi."

"Utalia baadaye," Babu alisema. "Zima taa ya tangi. Safisha pampu. Kisha kimbia dukani."

Chiriku aliisugua pampu kwa mswaki mkuukuu mpaka ikaanza kusukuma maji. Alikwenda dukani mara nne, viganja vikamvimba. Babu alikoroga chumvi kwenye ndoo iliyowekwa mezani, huku Chiriku akimsomea kipimo. Siku zilizofuata walipunguza taa na chakula, wakabadilisha maji kidogo kidogo. Wiki ya tatu mawe yalianza kuonekana, na Jemadari akaogelea akiringa.

Ndipo Babu alipomketisha karibu naye.

"Maji ya bomba kwetu hayana neno, lakini kwa mwani yalikuwa mbolea. Mimi nilitoa dawa, wewe ukamwaga mbolea, kwa sababu nilitibu ugonjwa ulionitajia, si uliokuwepo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nisamehe, Babu."

"Nilikusamehe pale pale uliposema kweli. Lakini kumbuka, ungechelewa usiku mmoja zaidi, msamaha wangu usingemfaa kitu Jemadari."