Jiwe la Kuzuia Tairi

Kwanza tuelewane: mimi Leonida si mtu wa kuamini kila upuuzi. Nina mgahawa hapa Karatu, mwaka wa kumi na tano sasa nawapikia madereva wa utalii supu na chapati, na hadithi za majini nimezisikia mpaka zimenichosha. Huwa nawaambia wamalize supu wakafanye kazi. Lakini hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa ndani ya gari.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nane. Mdogo wangu Qamara, dereva wa wageni, alinipitia asubuhi twende kumchukua mke wake, Sabina, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi kando ya Ziwa Eyasi. Sabina alikuwa na mimba ya miezi minane. Miaka sita ya ndoa, mimba mbili zilishaharibika, na daktari alitaka aje akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Mimba ile tuliibeba ukoo mzima. Mama yetu alikuwa haendi hata sokoni bila kuisalia rozari.

Tulimkuta ameshafunga mizigo.

"Wifi, umekuwa gunia la vitunguu," nikamtania.

"Na wewe umekonda kwa umbea," akanijibu.

Tukacheka, tukapakia, tukaondoka saa nane mchana.

Barabara ile inafuata ufukwe, na sitasema uongo, ni nzuri. Maji yanang'aa kwa mbali, flamingo wamejipanga ukingoni, magadi meupe yametanda kama unga uliomwagika, na upande wa pili ni mikoche mitupu. Sehemu nyingine njia inapotelea kwenye mchanga, basi madereva wanalenga mnara wa simu ulio mlimani, ule wenye taa nyekundu inayowaka hata mchana. "Mabaharia wana taa zao, sisi tuna mnara wetu," Qamara huwaambia wageni. Mnara ukiwa bega la kulia, uko njiani.

Tulipata pancha mahali pabaya, kwenye mteremko, karibu na rundo la mawe linalonifika kifuani. Watu wote wa huko wanalijua. Ni kaburi la mtu wa kale ambaye jina lake limesahaulika. Ukikaribia unaokota jiwe huko njiani, ukifika unaliongeza, unapita zako. Wafugaji wanafanya hivyo, wachuuzi wa vitunguu wanafanya, na katekista naye anafanya ingawa anaangalia pembeni. Qamara mwenyewe hakuwahi kupita bila kuweka lake.

Siku ile alikuwa na haraka. Gari linataka kuteleza, na pale chini ni mchanga tu, hakuna jiwe hata la dawa. Nikamwona anaenda kwenye rundo. Akachomoa moja, akalisukumiza nyuma ya tairi.

"Wee Qamara!"

"Dakika tano, dada. Nalirudisha."

Akapiga jeki, akafunga tairi la akiba, akakusanya spana. Sasa nyie mnawajua madereva wetu. Akishafunga nati ya mwisho anaruka ndani anaondoka, jiwe linabaki katikati ya barabara. Kila siku nawagombeza kwa tabia hiyo. Na siku ile, mimi mwenye mdomo mrefu, nilikuwa namfutia Sabina jasho. Sikuangalia.

Tulishakwenda mbali nilipouliza, "Jiwe ulirudisha?"

Akajipiga kofi la paji la uso. "Nitaweka mawili nikirudi Jumatatu."

Joto lilikuwa kali. Ikapita nusu saa. Mnara ulikuwa bega la kulia, vizuri kabisa, lakini nikaona haukui. Tunaufuata na uko palepale. Flamingo nao walikuwa wamenyamaza.

Halafu tukaliona rundo la mawe.

"Yapo mengine ya namna hii," Qamara akasema.

Alisimama. Alama ya jeki ilikuwepo mchangani. Alama za tairi zetu zilikuwepo. Jiwe lenyewe halikuwepo. Kwenye rundo, usawa wa kifua, palikuwa na tundu pale lilipochomolewa.

Qamara akakanyaga mafuta. Mchanga ukaruka. Tulikimbia kama tunafukuzwa, dakika kumi, ishirini. Mnara kulia. Ziwa kushoto.

Rundo likaja tena mbele yetu.

Sasa tundu lilikuwa limepanuka. Ungeweza kuingiza kichwa. Nilichungulia kwa mbali nisione mwisho wake. Ndipo Sabina akanong'ona nyuma yangu.

"Wifi. Mtoto ameacha kucheza."

Mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni. Nikaweka wangu. Palikuwa pametulia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke wa Kimaasai na mbuzi wake. Nosim, baadaye tulilijua jina lake. Alikuwa amesimama mbali, hasogei. Nikamkimbilia.

"Mama, tusaidie. Tulitoa jiwe."

"Nimeona, yeyo." Aliniita mama kwa lugha yao, akiongea chini chini, macho yake kwenye rundo. "Kila jiwe pale ni mtu aliyepita salama. Mmepunguza mmoja. Mko wangapi?"

"Watatu."

Akaliangalia gari. "Wanne," akasema.

"Tutaweka jiwe lingine!"

"Jiwe lingine ni la mtu mwingine."

Akawaswaga mbuzi wake, akaondoka bila kugeuka.

Nilirudi nikamkuta Qamara analia huku anahangaika. Alikuwa ameingiza jeki ndani ya tundu. Ikatoka. Akaingiza saa yake ya mkononi. Ikatoka. Jamani, sikilizeni: havikuanguka. Vilisukumwa. Polepole, kama mtu anavyorudisha sahani ya chakula asichokitaka.

"Nichukue mimi," Qamara akasema. "Mimi ndiye niliyekosa. Nichukue mimi!" Akaingiza mkono mpaka begani. Nao ukasukumwa nje.

Sabina akashuka garini, hana viatu. Nilitaka kumzuia, nikaona uso wake nikaacha. Akapiga magoti pale mchangani, akasogeza mdomo kwenye tundu. Akanong'ona neno moja. Sikulisikia.

Akatega sikio.

Halafu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubaliana na mwenzake.

Nilipepesa macho. Tundu lilikuwa limezibwa. Jiwe lilikuwa pale, limelowa maji. Sabina akapiga ukelele, akashika tumbo. "Amepiga teke! Wifi, amepiga teke!" Tukakumbatiana tunalia kama wehu. Dakika chache baadaye tukaona mikoche ya kijiji cha Mang'ola na watu wanapakia vitunguu.

Usiniulize tulivyofika. Njiani kuelekea Karatu, Qamara alimuuliza mkewe alitoa nini.

"Jina," Sabina akasema. "Nilishamchagulia moyoni, sijamwambia mtu. Sikuwa na kitu kingine chake."

Tukaona tumenusurika kirahisi. Jina tu! Majina si yapo mengi?

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike, kilo tatu na nusu, sauti ya kuamsha mtaa. Tukambatiza Sifa. Leo ana miaka minne, mzuri, mtundu, anakula kuliko mimi. Lakini ukimwita Sifa, hageuki. Hajawahi kugeuka hata siku moja. Tulimpeleka hospitali wakampima masikio, wakasema anasikia vizuri.

Na kweli anasikia. Kila siku saa tisa alasiri anaacha mchezo, anainua kichwa, anaitika kwa adabu, "Abee!" Halafu anaanza kutembea. Hakuna aliyemwita. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa anaishia mlangoni. Mwaka jana geti. Mwaka huu Qamara amemkamata mara mbili kwenye barabara ya kushuka Mang'ola, njia ya ziwani.

Siku ile ya pili aliporudi naye begani alimfokea mkewe mbele yangu. "Wewe ndiye unayelijua hilo jina! Mwite basi, atarudi kwako!"

"Si langu tena," Sabina akasema. "Nikimwita kwa hilo jina nitakuwa nimemdai. Nilikubali, Qamara. Uliniona nikikubali." Midomo ameibana, analimeza neno ambalo mama yeyote angelipigia kelele.

Alhamisi iliyopita niliachiwa mimi nimlinde. Nikafunga geti kwa kufuli, nikafunga mlango, nikampakata. Saa tisa ilipofika akainua kichwa.

"Abee! Nakuja!"

Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Nusu saa nzima hakukanyaga chini, nawaapia kwa Mungu. Alikaa mapajani pangu, ametulia, mwili umepoa, macho yako mbali. Baadaye akaomba uji.

Jioni Sabina alirudi, akamtia kwenye beseni amwogeshe. Udongo wetu wa Karatu ni mwekundu, mnaujua. Miguu ya mtoto ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo, na vumbi lake limekauka katikati ya vidole. Niligusa kwa kidole nikaonja. Mimi ni mpishi, magadi nayajua.

Sabina aliniona nikionja. Aliendelea kumsugua mtoto miguu, mpaka maji yakapoa.