Siri ya Kabla ya Ijumaa

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka, wasindikizaji wanapunga mikono, na mwanamke mmoja bado anamkumbusha shangazi yake aliye dirishani asisahau kumeza dawa, mara akagongwa na mto wa kochi. Nyuma ya mto alikuwepo mwanamume anayekimbia, shati limejaa sufi, anapiga kelele, "Mama! Mto wako huu!" Akautumbukiza kwenye dirisha la behewa lililofuata, kisha akasimama akihema.

"Umenichafua," alisema mwanamke, akikung'uta gauni lake la bluu lenye mistari myeupe.

"Samahani, dada. Sufi haichafui, inapamba."

"Na hili pambo la kichwani je?"

"Nikutolee?"

"Mkono wako ukae hukohuko."

Lakini alikuwa anacheka, na walipofika nje ya stesheni walikuwa wameshapeana namba za simu.

Yeye mwanamume alikuwa fundi wa makochi, karakana yake iko kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Mwanamke alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali ya jimbo, akisoma prufu, yaani nakala za kusahihishwa, za Gazeti la Serikali kabla halijachapwa. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu hata karatasi ya bei ya vyakula hotelini aliisahihisha kwanza ndipo aagize.

"Kwa hiyo sheria ikishapita bungeni, basi?" fundi alimuuliza siku moja, amejilaza kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Bado. Mpaka itangazwe kwetu. Kabla ya hapo ni maneno ya watu waliovaa suti."

"Kumbe nimechumbia serikali."

"Nani kakwambia umechumbia?"

Alikuwa amechumbia, na wote wawili walijua. Alitaka kuongeza chumba nyuma ya karakana, waanzie maisha hapo. Mchanga ukaletwa, saruji ikaletwa, waashi wakaitwa.

Jumatano ya wiki hiyo ikatua mezani kwa Nukta prufu ya notisi ya kutwaa viwanja kupisha barabara mpya. Akasoma kama kawaida, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka kikafika kwenye kiwanja cha fundi. Kikasimama. Chini kidogo, safu ileile, kilikuwepo kiwanja cha kaka yake Nukta mwenyewe, aliyejinyima miaka mpaka akakipata.

Pale kiwandani kila mtu aliapa siku ya kwanza: kinachosomwa humu hakitoki mpaka gazeti litoke Ijumaa. Kiapo hicho hakikuwa mapambo. Kuna mwaka mtu alimnong'oneza shemeji yake, na kabla ya Ijumaa wenye nazo walikuwa wameshanunua viwanja vya wajane kwa bei ya kutupa, ili fidia iingie mifukoni mwao. Nukta aliwafahamu wawili kati ya wajane wale.

Jioni akashindwa kujizuia, akapiga simu.

"Mpenzi, ile sakafu, usimwage kesho."

"Kwa nini? Waashi wanakuja asubuhi."

"Subiri kidogo tu."

"Nisubiri nini?"

Nukta akahamishia simu sikio la pili.

"Nukta, nakuuliza. Hutaki chumba, au hunitaki mimi?"

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Siwezi kusema."

"Aa, nimeelewa. Mama alinionya. Watu wa ofisini hawakai na watu wa misumari."

Simu ikakatwa. Kesho yake fundi akamwaga sakafu yote kwa hasira, akailainisha mwenyewe kwa mwiko mpaka ikang'aa.

Ijumaa gazeti likatoka, nakala ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Nukta alipotoka kazini alimkuta fundi langoni, suruali bado ina saruji.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwage jasho langu bure."

"Nilikwambia usimwage."

"Uliniambia nisubiri! Mtu nyumba yake inaungua, unamwambia asubiri?"

Wafanyakazi wenzake walipita polepole, wakijifanya wanatafuta funguo mikobani.

"Kaka yangu yumo kwenye ukurasa huohuo," Nukta alisema. "Kanipigia mchana. Kaniita nyoka, akakata. Yeye hata hilo la kusubiri sikumwambia. Ulimi uliniponyoka kwako tu, na wakijua nafukuzwa."

Fundi akamtazama. Macho yalikuwa yamevimba, na kola ya blauzi ameivaa upande, yeye anayesahihisha kila kitu.

"Na mimi nikadhani umenichoka."

"Ningekuchoka ningekuacha umwage kwa amani."

Kicheko kikamtoka fundi bila kutaka.

"Sasa nikikuoa, utakuwa unajua balaa langu kabla yangu?"

"Ndiyo. Na sitakwambia."

"Hata nikibembeleza?"

"Bembeleza uone."

"Yaani nitalala na kasha la chuma."

"Kama hutaki, sema sasa hivi."

"Sijasema sitaki. Ni kasha zuri." Akamtengeneza kola. "Nikuoe, au nikuache?"

"Nioe. Lakini twende kwanza mtaani kwako. Notisi inawapa wenye viwanja nafasi ya kudai haki zao, na imeshatoka. Leo naweza kuisoma hata kwa kipaza sauti."

Aliwasomea majirani wote mbele ya karakana, amesimama juu ya stuli, mpaka sauti ikakauka.

Barabara ilijengwa. Tingatinga lilivunja karakana pamoja na sakafu mpya. Majirani walilipwa, wengine vizuri, wengine vibaya. Fundi alipanga kibanda nyuma ya soko, na hadi leo anatengeneza makochi hapo. Walifunga ndoa kwa msajili. Kaka hakuja harusini. Alikuja siku mtoto wao wa pili alipozaliwa, hakuomba radhi, alileta kitanda. Mama wa fundi aliishi nao hadi alipofariki, na kila Alhamisi alimchunguza mkwewe usoni asipate kitu. Nukta yuko kazini palepale. Barabara sasa ina mashimo.