Anayelilia Jina

Jioni ile Triza aliteremka ghorofa sita kutafuta dawa ya gesi. Mtoto wake wa kwanza, mvulana ambaye hata jina hakuwa amepewa, alikuwa amelia tangu juzi, na sasa amekataa titi. Majirani walishampa kila ushauri uliopo duniani. Nyumba za mtaa wao wa Tassia, Nairobi, zimepakana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani. Lakini Triza alikuwa na digrii ya takwimu, na digrii ilisema ni gesi.

Dukani kwa Nuradin, muuza dawa, hakuna aliyekuwa akinunua kitu. Watu walijaa hadi barabarani, shingo zimenyooka kuelekea televisheni.

Patrobas Wakoli amekufa.

Yule mkurugenzi wa kampuni ya Paa Letu, aliyeiuzia nusu ya mtaa nyumba ambazo hazikuwahi kuwa zaidi ya picha. Mahakama ilishampata na hatia. Kesho ndiyo angesomewa kifungo. Leo akafia hospitalini.

"Nani ameona maiti?" mtu akauliza. "Huyo ako Dubai, bana, miguu kwa maji."

"Na ati kesi imeisha! Hata kufa ametuchezea."

Kathini, fundi wa cherehani kiwandani na jirani ya Triza mlango kwa mlango, hakucheka.

"Mimi namtaka arudi," akasema. "Popote alipo. Arudi asimame, asomewe miaka yake. Halafu afe tena, vizuri."

"Amina!" umati ukaitikia, ukaangua kicheko.

Nuradin alimpa Triza chupa. "Dada, kuna maneno hayasemwi saa ya Magharibi," akanong'ona.

Triza alitabasamu kwa heshima. Akapanda.

Stima ilipotea akiwa ghorofa ya nne. Kilio cha mtoto kilimjia gizani, kikavu, kama mlango usiotiwa mafuta. Ndani, mama mkwe wake, Nabiswa, alikuwa amewasha mshumaa. Alimpakata mjukuu na kumsemesha sikioni, jina baada ya jina, yote ya marehemu wa ukoo.

"Ni wewe, Simiyu? Ni wewe, Khaemba?"

Kwao Bungoma mtoto asiyenyamaza hulilia jina. Kuna mfu anataka kukumbukwa. Akitajwa, mtoto hunyamaza.

"Mama, ni gesi," Triza akasema.

Mtoto akaitema dawa yote. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Mumewe Triza alikuwa zamu Industrial Area, simu haishikwi. Hospitali... ndiyo, hospitali. Akanyakua leso ambebe.

Ndipo uwanjani chini wale watu wa dukani wakaanza. Sufuria zikagongwa. Sauti zikapanda na giza.

"Wakoli! Wakoli! Arudi!"

Mtoto akanyamaza.

Hivyo tu. Kama redio iliyozimwa.

Sufuria zikatulia, kilio kikarudi. Wakaliita tena lile jina...

Kimya. Macho wazi, yakimtazama mama yake bila kupepesa.

Triza akainama ambusu. Akarudi nyuma. Utosi wa mtoto wake ulinuka marashi, yale ya wanaume wa ofisi zenye zulia, na chini ya marashi kitu kingine. Dawa ya mochari.

"Usilitaje," Nabiswa alisema. "Hilo usilitaje."

"Mama. Unamjua?"

"Baba wa huyo na baba mkwe wako walinyonya ziwa moja." Bibi hakuinua macho. "Hatukusema. Ungeishi vipi na majirani hawa?"

"Nikimwita?"

"Umempokea."

"Nisipomwita?"

Chini, watu walikuwa wamechoka. Sufuria zilinyamaza moja moja. Mtoto akafungua kinywa kulia, na sauti haikutoka. Kifua kikaingia ndani. Hakikurudi. Triza akampulizia puani, akampiga mgongoni, akamtikisa...

Hakikurudi.

Digrii haikusema neno.

Akaweka midomo kwenye sikio dogo lililokuwa linapoa.

"Wakoli."

Pumzi iliingia kwa mkoromo, mkoromo wa mtu mzima. Mtoto akatafuta titi, akalikamata, akanyonya kwa pupa. Triza alilia bila sauti, kwa furaha na kwa woga, hakujua kipi kinatangulia kipi.

Ngo, ngo.

"Mama Wakoli," Kathini aliita nje, kwa upole. "Fungua."

Nabiswa akauzima mshumaa kwa vidole.

"Tumesikia mmempatia jina. Tunataka kumwona tu. Hatumdhuru."

Nyuma yake, ngazi zilijaa miguu. Mingi. Haikuwa na haraka. Hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyekohoa.

Mtoto akaacha kunyonya. Triza alihisi mwili ule mdogo ukikakamaa, ukisikiliza. Kisha, taratibu, mtoto wa wiki mbili asiyeweza hata kuikaza shingo yake, akageuza kichwa, akauficha uso ndani ya kwapa la mama yake.

Watoto hufanya hivyo. Triza alijiambia watoto wote hufanya hivyo.

Akamfunika leso hadi utosini.

"Mmesikia vibaya," akasema kupitia mlangoni, na akashangaa sauti yake ilivyotoka tulivu, laini, ya kuaminika kabisa. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Nje, hakuna aliyeteremka.