Kocha wa Kurudi Nyuma

"Songeni mbele! Mbaneni huyo mrushaji! Mnamwogopa nini, kapakwa upupu?"

Mzee Alcide Guidry alikuwa amesimama juu ya benchi, kofia mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Pembeni yake Odile, binti yake, alikuwa akitafuna kamba ya koti lake. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mamba wa Chuo cha Bellefort walikuwa mbele kwa pointi nne, na wapinzani walikuwa na uwanja mzima wa kuvuka.

Mamba wakafanya kilekile walichofanya msimu mzima. Wachezaji watatu tu wakabaki mbele. Wanane wakarudi nyuma kabisa, wakasimama wakitazama.

"Wanarudi tena!" mtu akapiga kelele. "Jamani, wanarudi tena!"

Mrushaji wa wapinzani, ambaye kazi yake ni kuwarushia wenzake mpira, akapata muda wa kutosha. Akarusha yadi kumi na mbili. Akarusha kumi na tano. Akarusha nyingine. Hakuna aliyemgusa hata jezi. Zikiwa zimebaki sekunde sita, mpira ukadakwa ng'ambo ya mstari wa mwisho, pointi sita, na Mamba wakawa wamepoteza mechi ya nne kwa staili hiyohiyo.

Mzee Alcide akashuka benchini taratibu.

"Wewe unauza miwani," akamwambia Odile. "Mpelekee bwana wako moja."

Watu wa safu ile wakacheka. Odile hakucheka. Kocha wa ulinzi, yule aliyekuwa amesimama kule chini na karatasi zake, huku uwanja mzima ukimzomea, alikuwa Wade Hollier, mwanaume aliyempenda kwa miezi minane.

Kesho yake mchana Wade alikuja kwake, macho mekundu, hakugusa chakula.

"Wade, niambie ukweli. Kwa nini hamumvamii yule kijana? Hata mimi nimeona."

"Unadhani mimi sioni?"

"Sasa?"

Wade akasukuma sahani. "Si mimi, Odile. Tukiwa mbele, kocha mkuu ananiingilia kwenye vifaa vya masikioni na kuniambia niwarudishe wote. Nikibisha, ananikumbusha mkataba wangu unaisha Desemba."

"Na wewe unazomewa kwa ajili yake?"

"Ndiyo kazi ilivyo. Lakini hili ni letu wawili. Ukilisema nje, nimekwisha."

"Sisemi."

Na alimaanisha, hadi Jumatatu saa sita mchana.

Alikuwa dukani anapanga fremu, redio imewashwa kwenye kipindi cha mashabiki. Mmoja alisema Wade ni mwoga. Wa pili akasema afukuzwe leo. Wa tatu akasema mtu kama yule hawezi kumlinda hata mke. Odile alizunguka duka mara mbili, akaingia stoo, akapiga simu.

"Uko hewani, dada. Nani mwenzetu?"

"Claire. Napiga kutoka karibu na kanisa."

"Haya Claire, tema yaliyo moyoni."

"Mnamtukana mtu asiye na kosa! Hollier anataka kushambulia. Ni kocha mkuu anayemwamuru awarudishe vijana nyuma, tena anamtishia kwa mkataba. Muulizeni yeye!"

Mtangazaji akadakia. "Dada Claire, umeyajuaje hayo?"

Odile akakata.

Saa kumi kamili simu yake ikaita.

"Claire hajambo?" Ilikuwa sauti ya Wade, kavu.

"Wade, ngoja..."

"Sauti yako naijua hata ukiwa na mafua. Nimeitwa ofisini. Mkuu kaniuliza nilimwambia nani. Nikasema simjui huyo Claire."

"Nilikuwa nakutetea! Walikuwa wanakuchafua!"

"Nilikuomba unitetee? Nimezoea kuzomewa na watu elfu arobaini. Niliyekuwa namwamini alikuwa mmoja."

"Mpenzi, nisamehe. Nilishindwa kuvumilia."

"Hiyo ndiyo shida. Mimi hukaa nikavumilia kupita kiasi, na wewe huwezi kukaa kabisa. Mkuu amesema Jumamosi ndiyo mechi yangu ya mwisho hapa. Usinitafute."

Odile hakulala vizuri. Jumanne mchana akapiga tena kipindi kilekile.

"Jana nilitaja jina la uongo," akasema. "Mimi ni Odile Guidry, mpenzi wa Wade Hollier. Au nilikuwa. Aliniambia kitu kwa siri, nami nikakimwaga hapa. Mkitaka mtu wa kumsema, nisemeni mimi."

Baadaye akatuma ujumbe: "Nimesema jina langu. Sikuombi lolote."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja. Jumatano halikuja. Ijumaa, wateja waliingia dukani bila haja ya miwani, wakamtazama tu.

Jumamosi hakutaka kwenda.

"Vaa koti," Mzee Alcide akamwambia. "Umemwaga siri za mtu, halafu siku yake ya mwisho umkimbie?"

Dakika ya mwisho ikawakuta Mamba mbele kwa pointi tatu. Uwanja mzima ukaanza kuguna hata kabla ya chochote kutokea. Odile alimwona Wade kule chini akishika vifaa vya masikioni, akisikiliza, akitikisa kichwa. Kisha akavivua, akaviweka juu ya kiti, akawapigia vijana wake kelele kwa mdomo mtupu.

Badala ya watatu, sita wakaenda mbele.

"Mungu wangu," Mzee Alcide akanong'ona. "Wanakwenda."

Mrushaji akaangushwa chali. Uwanja ukalipuka. Mara ya pili akabanwa, akautupa mpira nje. Watu wasiojuana walikuwa wakikumbatiana. Mara ya tatu walimfikia tena, lakini wakati anaanguka aliurusha mpira juu, bila kutazama, na mwenzake mmoja alikuwa peke yake huko nyuma ambako hakukuwa na mlinzi. Akaudaka, akakimbia hadi mwisho.

Mamba walikuwa wamefungwa.

Odile alifunika uso kwa viganja. Alisikia makofi mazito, ya mtu mmoja, karibu na sikio lake. Alikuwa baba yake.

"Kufungwa huku nakukubali," mzee akasema, machozi yanamlenga. "Huku nakukubali kabisa."

Safu yao ikafuata, kisha ya chini yao. Wade alipoinua kichwa, nusu ya uwanja ilikuwa imesimama inampigia makofi.

Walimfukuza rasmi kabla hajabadilisha viatu.

Jumapili, baada ya misa, aligonga mlango wa mzee Alcide. Odile ndiye aliyefungua.

"Bado nina hasira na wewe," Wade akasema.

"Una haki."

"Nilikusikia Jumanne. Nilisimamisha gari njiani. Hakuna mtu aliyewahi kujiaibisha hadharani kwa ajili yangu."

"Sikufanya ili urudi."

"Najua. Ndiyo maana nimerudi." Akajikuna shingo. "Kuna shule ya sekondari huko Opaline, inataka kocha. Vijana thelathini, uwanja una mashimo. Mshahara ni nusu. Unaweza kuuza miwani huko?"

"Unanitafutia kazi au unataka kunioa?"

"Nakuomba tuoane, Odile. Nimechelewa kusema, nakubali."

Alimrukia hapohapo mlangoni, akamng'ang'ania shingoni kama anayezama.

Jikoni Mzee Alcide alikuwa akikoroga gumbo, supu yao nzito, na kusikiliza kila neno. "Yule aliyedaka peke yake jana," akasema kwa sauti, "nani alitakiwa kumkaba?"

"Baba!"

"Nauliza tu!"

Walifunga ndoa mwezi wa pili, msimu ukiwa umelala. Odile aliingia kanisani robo saa kabla ya muda, maana kukaa chumbani akisubiri kulimshinda, na akamkuta Wade ameshafika tangu asubuhi.